Nimempigia Baba Mkwe Honi

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, na mtaa mzima wa Bweri umeona.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Bujumbura, nimeolewa Musoma, huu mwaka wa pili. Kwetu sikuwahi kushika usukani. Nimekuja kujifunzia huku, kwenye nchi ambayo magari yanapita kushoto. Kwetu ni kulia. (Wiki ya kwanza nilikuwa nafungua mlango wa abiria, nakaa, nafunga mkanda, ndipo naanza kutafuta usukani.)

Leo ilikuwa jaribio la mwisho. Nikifaulu, baba mkwe ananikabidhi funguo za kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, nianze kukusanya maziwa vijijini. Nikifeli, anapewa shemeji yangu, na mimi narudi kukumbatia madumu juu ya bodaboda. Nimeyakumbatia mwaka mzima. Nimechoka!

Tumeondoka vizuri tu, na gari la mafunzo. Mwalimu wangu, Masatu, kakaa kando na kalamu yake. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikajiona dereva. Kukata kona moja tu, ng'ombe! Wamejaa barabara nzima, na nyuma yao mzee anatembea taratibu. Koti refu la kijani. Kofia ya pama. Buti za mvua.

Nikakanyaga breki. Baba mkwe!

"Piga honi, shemeji," mwalimu akasema.

"Siwezi. Yule ni baba mkwe."

Akautazama ule mgongo, akashusha kalamu. Naye ni wa huku huku, mtoto wa wafugaji. "Aah. Hapo kweli."

Ngoja niwaeleze. Kwenye ukoo nilioolewa, mkwe hamkodolei macho baba mkwe. Akipita, unainamisha kichwa. Muda wote huu ninaoishi na yule mzee, ninachokijua ni koti, kofia na buti. Sasa mtu nisiyethubutu hata kumtazama, nimpigie honi kama nafukuza mbuzi?

Tukafuata. Mwendo wa ng'ombe, nusu saa nzima! Nyuma yetu foleni: lori la mchanga, baiskeli, na bodaboda moja yenye fujo kuliko wote. Ikijaribu kunipita kulia, mimi kwa woga nakumbuka Bujumbura, nahamia kulia. Nikishtuka narudi kushoto, nayo imeshahamia kushoto. (Si makusudi. Mikono ina uraia wake.)

Abiria wa ile bodaboda akaanza kufoka. "Weka pembeni! Hii gari inaendeshwaga na nani, kipofu? Watu wananisubiri kwenye posa Butiama!"

"Mwache afoke," nikamwambia mwalimu. "Heshima kwanza." (Nilijivuna, msione. Nilijiona mkwe bora mkoa mzima wa Mara.)

Hatimaye ng'ombe wakakata kwenda malishoni. Mzee wa koti akageuka, akanipungia mkono na kusogea dirishani.

"Asante sana binti kwa uvumilivu! Kwani wewe ni mke wa nani?"

Kumbe si baba mkwe! Papo hapo abiria wa bodaboda naye akafika upande wa pili, fimbo juu. "Shuka! Shuka nikuone wewe m..."

Fimbo ikashuka. Mimi kwa mazoea nikainamisha kichwa. Nikaona pindo la koti la kijani. Na buti za mvua.

Alikuwa yeye. Yeye mwenyewe!

Akageuka haraka, akanipa mgongo. Hatuongei ana kwa ana, kwa hiyo akaongea na mwalimu, hatua mbili kutoka nilipo.

"Masatu, mwulize mkwe wangu kwa nini hakupiga honi."

Mwalimu akanigeukia. "Anauliza kwa nini hukupiga honi."

"Mwambie nilidhani yule ndiye baba. Nikaona aibu."

"Mzee, anasema alidhani yule ni wewe."

Hata dereva wa lori akazima injini ili asikie.

"Mwambie gari ya maziwa bila honi itafika na mtindi. Kama anataka funguo, anipigie mimi. Hapa hapa."

Akaenda kusimama katikati ya barabara, mbele ya gari, mgongo kwangu. Watu wakatoka majumbani. Nikabonyeza kidogo. Pi.

"Mwambie ng'ombe hajasikia!"

Nikafumba macho, nikabonyeza kwa kiganja chote. PIIIIIII! Nikaachia. PIIIIIII! Honi imekwama! Baba mkwe akaruka mpaka mtaroni, kofia huku, fimbo kule. Mwalimu akapigapiga usukani, wapi! Watu wamekaa chini kwa kucheka. Yule mzee wa ng'ombe anawafukuzia wanyama wake waliotawanyika.

Mara kutoka mtaroni zikarushwa funguo, zikatua kwenye boneti.

"Masatu! Mwambie amefaulu! Sasa ainyamazishe!"

Basi, kirikuu nimepata. Mume wangu kaniuliza siku ilikwendaje, nimemjibu salama tu. Nawaomba msicheke kwa sauti, na anayemfahamu asimwambie kitu, maana mimi na baba mkwe tumeshakubaliana, kupitia kwa Masatu, kwamba leo hatukuonana.