Kudaka Simu za Najma

Jumatatu, 3 Machi 2025
Simu mpya za intaneti zimefungwa dukani, Mtaa wa Kongo. Ikiita kwenye meza isiyo na mtu, unabonyeza alama ya nyota kisha nane, unaidaka kwenye simu yako. Mama Candida, bosi wetu, kasema atakayehudumia vizuri wateja wa simu wiki hii ataongoza tawi jipya la Gerezani. Tunagombea wawili. Mimi, Heriel, na Najma, mwenye sauti ya kumuuzia pampu ya maji hata asiye na kisima. Lakini anayepanga mtambo wa simu ni mimi. Nitadaka zake, yeye asidake zangu.

Jumanne, 4 Machi
Najma kashuka kunywa chai. Simu yake ikaita. Nyota nane. Tuu, tuu, tuu. Kumbe mtambo hudaka simu za kundi lako tu, nami nimejiweka kundi la peke yangu, nadaka hewa. Nimehamishia wote kundi moja, bosi ndani.

Jumatano, 5 Machi
Inadaka. Ila zikiita mbili, inachagua yenyewe. Nikadaka ya bosi, nikampata mama yake mzazi, yuko Rombo. Shikamoo yangu ilimpendeza. Kanieleza ugonjwa wa migomba dakika ishirini. Najma huku kauza pampu arobaini. Nimemtoa bosi kwenye kundi.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Candida alikuwa stoo chini. Simu ya ofisini kwake ikaita. Nyota nane mara sita, kimya. Najma akapanda ngazi mbio, akaipokea kwa mkono. Mkwe wa bosi, kutoka hospitali Upanga: Evelyn, binti wa bosi, anaingia kupasuliwa ajifungue, anamtaka mama yake. Bosi kaondoka na bodaboda, kandambili za stoo miguuni.
Jioni, salama. Mtoto wa kike, mama mzima. Nilifurahi kweli. Bosi akauliza nani aliitoa simu yake kwenye kundi. Nikasema intaneti. Najma akafungua mtambo. Kila badiliko lina jina langu na saa.

Ijumaa, 7 Machi
Gerezani kapewa Najma. Mimi nimepewa onyo, na kazi: wote kundi moja, nijaribu simu moja moja. Najma akapiga, mimi nikadaka. Zote kumi na mbili zimekubali. Akasema, "Kazi unaijua, Heriel. Tatizo roho."

Jumamosi, 8 Machi
Najma kaniomba nimfungie simu za Gerezani. Kaniamini, dada wa watu. Nimefunga vizuri sana. Nimeongeza kitu kidogo tu: mteja akipiga Gerezani, inaanza kuita mezani kwangu. Hawatajua. Safari hii nimeingia kwenye mtambo kwa jina la Mama Candida.