Naomba Niruhusiwe Kubadilika

Mwalimu wa sayansi, mlezi mwenzangu,

Pokea salamu za mama wa yule binti anayeuliza maswali mpaka kengele inalia. Shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo nikikosea nirekebishie kimyakimya.

Ulimfundisha kwamba anayetafuta sababu ya jambo abadilishe kitu kimoja tu, vingine vyote vibaki vilevile, kisha arudie. Sasa anatafuta kwa nini mdogo wake, tunayemwita Bonge, analia akiogeshwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bonge anaogeshwa asubuhi, mchana na jioni. Leo maji ya vuguvugu, kesho sabuni nyingine, keshokutwa beseni la nguo. Vidole vimekunjamana kama vya babu yake, na kilio ni kilekile.

2. Mimi mwogeshaji nimewekwa kundi moja na kigoda na taulo, yaani vitu visivyobadilishwa. Gauni lilelile, wimbo uleule, uso uleule. Siku moja nilitabasamu, jaribio likafutwa tukaanza upya.

3. Alikwenda kwa jirani yetu fundi cherehani kuazima mtoto wake, eti mtoto mmoja hatoshi kuthibitisha. Jirani akaja kuniuliza kama wangu ameharibika. Tangu hapo ananisalimia kwa nyusi tu.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Jumamosi mdogo wangu wa kike anaolewa. Nilipotoka kwenda kusuka nywele, binti alinizuia mlangoni: "Mama, ukisuka utatuharibia utafiti." Mwalimu, mimi ni dada wa bibi harusi. Niingie ukumbini na kichwa hiki?

Kwa hiyo naomba uandike, na mhuri ukipatikana ugonge, kwamba mama mzazi anaruhusiwa kubadilika. Ikishindikana, nitamleta Bonge maabara ya shule, na taulo lake, mbaki naye.

Nisalimie walimu wote, mpishi, na mlinzi wa geti aliyemfunga binti yangu kamba za viatu.

Ni mimi, mikono ikiwa bado na povu,
Mama Bonge

Baada ya sahihi: Nikiwa naandika, baba yao amemwogesha Bonge. Amecheka mwanzo mwisho, na binti sasa ananitazama kwa jicho la pembeni. Nimemwambia wamebadilisha vitu viwili kwa pamoja, mtu na wimbo, kwa hiyo wasinisingizie. Tena mara moja haithibitishi chochote. Tafadhali usimzuie. Mwagize arudie wiki nzima, na baba yake ndiye asibadilishwe. Mimi naelekea kwa msusi.