Barabara ya Upana wa Ng'ombe

Jumatatu, 14 Julai

Balaa! Tumwine, jirani yangu mfugaji, amenishtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Eti mistari yangu miwili ya migomba imekaa barabarani. Barabara! Kile kinjia cha ng'ombe wake! Migomba thelathini na minne, jasho langu mwenyewe, mingine imeshabeba. Mwenyekiti, Mama Benadeta, kasema ataamua Jumamosi. Upana halali hakuna anayeujua.

Jumatano, 16 Julai

Wokovu! Nimekunywa chai mjini Omurushaka na Bwana Kieran, mtaalamu wa kahawa kutoka Ireland. Kasema kwa Kiairishi barabara ni bóthar, neno lililotokana na bó, yaani ng'ombe. Zamani kwao njia ilipimwa kwa ng'ombe. Akataka kuendelea. Nikamwambia inatosha. Ng'ombe kiunoni hafiki hata mita moja! Migomba imepona. Tena nomino yenyewe ni ya jinsia ya kiume. Safi sana.

Jumamosi, 19 Julai

Kikao. Nimeeleza neno, asili yake na jinsia yake. Mama Benadeta kauliza, kwa kuwa nomino ni dume, yeye arudi jikoni? Watu wakacheka mno. Hilo nikaliacha. Ila kipimo cha ng'ombe wamekipenda wote, Tumwine kuliko wote. Nikadai kipitishwe hapo hapo. Kikapitishwa. Ndipo Kieran, shahidi niliyemlipia bodaboda mimi mwenyewe, akamalizia: ng'ombe ni wawili. Mmoja anatazama mbele, ubavuni kwake wa pili amekingama.

Tumwine kaleta wale wa pembe ndefu. Nikapinga pembe zisihesabiwe. Kaniuliza, kwani ng'ombe akitoka huziacha nyumbani? Wakapima kuanzia minyaa ya ua wake, ng'ambo ya njia, kwa kuwa ndiyo mpaka wa zamani. Mita nne na nusu. Zote zimekuja kwangu!

Jumapili, 20 Julai

Migomba imekwenda. Banda la kuku pia. Kuku wako sebuleni. Ng'ombe wamepita kwa madaha kama maharusi, na Tumwine ananiita mkandarasi.

Jumanne, 22 Julai

Kieran kaja kunipa pole. Kasema mvulana kwao ni buachaill, nalo limetokana na ng'ombe: mwanzoni lilimaanisha mchungaji wa ng'ombe. Nimeruka! Wavulana ninao watatu. Kumbe wachungaji kwa asili, na huku kwetu mchungaji hulipwa ndama! Mke wangu Kemigisha kanisihi nimwache mgeni amalize. Amalize nini tena? Kesho asubuhi naenda kwa Tumwine kudai ndama watatu. Majike.