Malalamiko ya Fundi Houssein Dhidi ya Maneno Yanayoishia na "-less"

Magarama, Gitega
12 Juni 2001

Kwa Baba Mdogo Sefu,
Mwalimu wa Kiingereza, Muyinga

Assalam alaykum, na shikamoo. Afya yangu ni nzuri, ila hasira imezidi kipimo.

Ni mimi Houssein, fundi cherehani, mchumba wa Kulthumu binti wa kaka yako. Miezi minane iliyopita tulikubaliana aje kwako wiki mbili tu, mpaka risasi za Ryansoro, karibu nasi hapa, zitulie. Zimetulia. Yeye harudi. Anasema unamfundisha Kiingereza ili apate kazi ya ukalimani kwa Wazungu wanaogawa chakula Mwakiro. Nimelichunguza jambo hili na nimeona mkosaji ni wewe, kwa heshima zote.

1. Unafundisha maneno kwa kuyashika mkia. Umempa yote yanayoishia na -less, ukamwambia maana yake ni "bila". Homeless, bila makazi. Jobless, bila kazi. Powerless, bila nguvu. Baba Mdogo, hayo si masomo, hiyo ni orodha ya majirani zangu. Tunaishi hivyo tangu vita vianze mwaka tisini na tatu na hatukuhitaji mwalimu.

2. Sleeveless, bila mikono. Sasa Kulthumu anataka gauni la harusi la namna hiyo, wakati nimeshalishona, na ile mikono yake imenichukua siku nne. Mama yangu, Bi Mwajuma, alipoambiwa alikaa chini juu ya vitambaa vya wateja, akasema: "Hiyo Kingereza iko inavua watu nguo!"

3. Seamless, bila mshono. Hili nimelipokea kama tusi. Ninavyojua mimi, nguo isiyoshonwa huvaliwa na mahujaji na maiti. Ukiwazoesha wateja jambo hilo, fundi atakula nini?

4. Speechless, bila la kusema. Hilo umemfundisha bure, kwa sababu barua zake sasa zina kurasa sita. Anayezileta ni Namegabe, Mkongomani muuza vitenge, na juzi alinicheka mbele ya watu: "Fundi, we uko na shida gani? Bibi iko anasoma, hakufe!" Yeye hana mchumba Muyinga.

5. Fearless, bila woga. Hapa ndipo nakulaumu kabisa. Msichana aliyekuwa akimkimbia mende sasa anasema atapanda lori la chakula mpaka vijijini. Mtu wa namna hiyo atamtaka fundi wa Magarama wa nini? Naogopa hatanihitaji tena. Basi, nimelisema.

Kwa hiyo naomba ufute mkia huo ubaoni leo hii, na uwaambie wanafunzi kwamba ulikuwa na homa. Badala yake fundisha -ful, yaani "mwenye kujaa": faithful, mwaminifu, grateful, mwenye shukrani. Ukifika useful, anayefaa, unaweza kutoa mfano wangu. Halafu, na hili ndilo kubwa, mpandishe Kulthumu kwenye msafara wa magari wa Ijumaa unaosindikizwa na askari, hata kama yuko katikati ya sentensi. Ukikataa nitamwandikia gavana, nitamwandikia imamu, na ikibidi nitawaandikia wenye lugha yao huko Uingereza waje waichukue.

Nisalimie Mama Mdogo Salama, watoto wote, majirani, na hata hao wanafunzi uliowapotosha.

Ni mimi mkweo mtarajiwa, niliyebakiwa na subira kidogo sana,
Houssein

Tanbihi: Namegabe, niliyempa barua hii akuletee, amerudi kwa miguu, nayo ilikuwa bado mfukoni mwake. Msafara aliosafiri nao umeshambuliwa njiani. Magari mawili yameungua, na waliokufa hawajahesabiwa. Nimefungua bahasha tena, nisamehe mwandiko wa haraka. Usimpandishe Kulthumu gari lolote, hata akilia, hata mimi mwenyewe nikikuandikia tena kukusihi. Mfungie darasani. Mfundishe -less, mfundishe -ful, mfundishe mikia yote waliyo nayo Waingereza, na maneno yakiisha, tunga mengine.