Ndege wa Masale ya Mama Ezra

Jumatatu, 3 Machi
Samahani, daftari. Tangu Krismasi sijakugusa. Wenseslaus ana miezi mitano na mchana halali. Halali kabisa! Leo kalala, na aliyemlaza ni ndege. Kandege kadogo, kifua cha rangi ya chungwa, mgongo wa kijivu, nyusi nyeupe kama kamepakwa chokaa. Kanaimba kwenye masale, ile mimea ya majani marefu tuliyopanda mpakani, upande wa Mama Ezra, mke wa shemeji yangu mkubwa. Kwa nini kwake? Migomba yangu ni mingi kuliko yake.

Jumanne, 4 Machi
Nimekachunguza, mtoto mgongoni. Hakapendi jua. Kanarukaruka chini ya masale, kanapekua majani makavu, kanatikisa mkia, kanameza mdudu. Jioni kanaiga ndege wengine, nimetambua watatu. Na siri nimeipata: Mama Ezra hafagii. Mimi nafagia mpaka udongo unang'aa. Usafi umeniponza! Nimemwaga majani makavu chini ya dirisha. Mume wangu Fredy kauliza kama naumwa. Ndege hakuja. Kuku wa Mama Ezra wamekuja, wote saba.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango mkubwa. Ndege anataka masale? Apewe masale. Mama Ezra alipokwenda sokoni Kiboriloni, niling'oa mashina sita nikayapanda dirishani. Nikajiona fundi. Sikuwaza kwamba masale ndiyo mpaka wenyewe. Saa kumi Mama Ezra huyo kafika na baba mkwe, mzee Kastori. Shikamoo yangu ikajibiwa kwa kikohozi. Eti nasogeza mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, nipate migomba mitatu. Nikasema ni kwa ajili ya ndege. Mzee akaniangalia kama nimesema ng'ombe wangu anasoma. Nimeamriwa kuyarudisha, nimeyarudisha. Jumapili ukoo unakaa kunijadili. Wense halali.

Ijumaa, 7 Machi
Kwetu ukikosa unapeleka jani la sale kuomba msamaha, na anayepelekewa hakatai. Nikachuma moja zuri, nikalifunga fundo, nikampelekea Mama Ezra. Akalipokea. Akaligeuza. Akauliza nimelichuma wapi.

Mpakani. Kwake.

Alicheka mpaka akatafuta kigoda. "Mama Wense, si ungesema tu? Mlete mtoto alale hapa."

Jumapili, 9 Machi
Kikao kimefutwa. Wense kalala masaa mawili kwenye kochi la Mama Ezra, ndege anaimba nje, na mimi nimesinzia pembeni, mdomo wazi. Sijalala hivyo tangu nijifungue. Mama Ezra kasema tuje kila siku.

Kila siku! Na kila siku nimshukuru? Hapana. Ndege atahamia kwangu. Nimemwandikia dada Scola, yuko Bomang'ombe, aniletee Jumamosi: gunia moja la majani makavu, miche kumi ya ua wowote mnene, isiwe masale, minyoo kopo moja, wawe hai, na jembe dogo lisilolia likigonga jiwe.