Punje ya Tatu

Jumatatu, 3 Juni 1996

Siku kubwa! Madam Milka, mlezi wa klabu yetu ya wanahabari, ametangaza kwamba tarehe 15 klabu za shule zitakutana Homa Bay. Kila shule itapandisha mtangazaji mmoja jukwaani. Maikrofoni ya kweli! Spika mbili zenye kimo cha mtu!

Shule yetu ina watangazaji wawili. Mimi, Cephas, kidato cha tatu, mwenyekiti. Na Liz, ambaye ni Liz.

Masharti: kila mmoja arekodi kipindi cha dakika kumi. Kanda itachezwa kwenye redio ya kaseti kila siku saa ya chakula cha mchana katika hoteli ya Osman hapa Migori, na walaji ndio watakaochagua. Tena tusikilize maoni yao na turekebishe vipindi vyetu. Madam akasema mtangazaji asiyesikiliza watu ni betri zinazoharibika bure. Nimeyaandika maneno hayo ingawa sijui yananihusu vipi. Kitu kisicho na kasoro utakirekebishia wapi?

Nimemtumia salamu Dani, nyanya yangu wa Kosele, kwamba nimeshachaguliwa. Si uongo. Ni habari iliyotangulia kidogo.

Jumanne, 4 Juni

Nimerekodi. Stoo ya jembe na fyekeo, blanketi dirishani, kuku nje. Kipindi changu: Historia ya Sauti ya Mwanadamu, kuanzia Adamu. Kurasa tisa. Nilisoma kwa sauti ya kifuani, ile ya taarifa za msiba.

Aibu moja tu. Upepo ulichukua ukurasa wa nne. Nikabaki mikono mitupu, kanda inazunguka, nikajisikia nikisema: mwanadamu ana sauti, lakini samaki je? Anayo? Hapa sijui, kusema kweli. Kisha nikaupata ukurasa nyuma ya toroli nikaendelea. Nilitaka kuanza upya, Madam akasema betri zimechoka.

Liz amerekodi sokoni. Sokoni! Amezunguka akiwauliza akina mama wanavyoihifadhi omena, wale dagaa wa ziwani, mvua ikinyesha. Mwishoni akasoma matangazo ya mbuzi waliopotea. Adamu hayumo kabisa. Nilimhurumia.

Alhamisi, 6 Juni

Kanda imechezwa mara ya kwanza. Kwa kuwa mtu anayekula hapendi kushika kalamu, Madam ameweka gorogoro kwenye kaunta, lile kopo la kupimia nafaka, juu yake kipande cha katoni chenye tundu. Kando yake visahani viwili. Ukimpenda Cephas, tia punje ya mahindi. Ukimpenda Liz, tia haragwe.

Nilijibanza kwenye kona nyuma ya gazeti kufanya uchunguzi. Nimegundua jambo ambalo sidhani limewahi kuandikwa: mtu anayesikiliza kweli huacha kutafuna. Nikahesabu. Katika kipindi changu watu kumi na mmoja waliacha kutafuna! Katika kipindi cha Liz walitafuna mfululizo, wakabishana na redio, na mama mmoja akaifokea kwamba omena hailindwi kwa chumvi, inalindwa kwa jivu. Heshima hakuna.

(Baadaye Osman ameniambia wale kumi na mmoja walikuwa wameshamaliza kula. Lakini hakuna aliyewazuia kuagiza tena.)

Nimepata pia maoni ya mdomo. Ryoba, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa mpakani, anayekula hapo kila siku, amesema, "Huyu kijana ameanza na Adamu. Mimi nimemaliza chai mbili na yeye hajafika hata kwa Nuhu. Bei ya fahali atasema saa ngapi?"

Nimeyachambua maoni hayo jioni nzima. Maana yake ni wazi. Wasikilizaji wanamtaka Nuhu. Kipindi ni kifupi mno.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerekebisha. Nuhu ameingia. Sasa ni dakika kumi na nne. Kwa ajili ya Ryoba nimetaja fahali alivyopanda safina, pamoja na mwenzake. Madam ameniuliza kama kweli nimeelewa maoni ya watu. Nikamwambia nimeyaelewa kuliko wao wenyewe. Akatikisa kichwa, nadhani kwa kuvutiwa.

Liz naye amerekebisha. Amemtafuta yule mama wa jivu na kumrekodi akibishana na mama wa chumvi. Nilimuuliza kwa upole: ukiwatia wasikilizaji wote ndani ya kanda, nani atabaki nje asikilize? Akacheka. Nimejiandikia alama moja.

Jumatatu, 10 Juni

Nimechungulia ndani ya gorogoro. Kura ni siri, najua, lakini mwenyekiti ana majukumu yake.

Maharagwe: arobaini na moja. Mahindi: matatu.

Mawili ni yangu.

Nimekaa nikitafakari, na ajabu ni kwamba sikuwaza yale maharagwe. Nimewaza ile punje ya tatu. Nani? Huko nje kuna mtu mmoja ambaye amesikia sauti yangu, akanyoosha mkono, akachagua. Ana sura gani? Alipenda wapi? Kwa Adamu? Kwa Nuhu? Nimeanza uchunguzi mara moja.

Osman: hapana. Saa ile huwa anahesabu pesa. Mama Tima, mpishi wake: hapana. Amesema jikoni sufuria zinaongea kuliko redio. Ryoba: alicheka mpaka Osman akaja kuangalia kama amepaliwa. Mzee wa mezani pa dirisha: alilala kuanzia sentensi ya kwanza. Huyu sijamwondoa. Sauti nzuri hutuliza.

Jumanne, 11 Juni

Balaa. Dani ameleta jibu kupitia mama mmoja wa kanisa lake. Anakuja Homa Bay Jumamosi. Si peke yake. Wanakuja wanawake tisa, na wameshona vitambaa vya kichwa vya rangi moja ili niwaone kutoka jukwaani. Dani ameazima viatu.

Nilimwona kichwani mwangu, mguu ndani ya kiatu cha mtu, akimsubiri mjukuu ambaye hatapanda. Siwezi. Sitaweza hata kidogo.

Kesho saa kumi Madam anahesabu kura. Kwa hiyo leo nimefanya mpango.

Visahani vya pale kaunta vinalindwa na macho ya Osman. Nyumbani mahindi ya kula yamekwisha. Lakini juu ya kabati kuna nusu pakiti ya mbegu ambayo baba ameiweka kwa ajili ya mvua za Agosti. Tatizo: mbegu za dukani zimepakwa dawa ya wadudu, nazo ni za waridi. Nimeziosha kwa sabuni mara tatu. Zimekuwa rangi ya ufizi. Ndani ya kopo lenye giza nani atajua?

Nimetia sitini, nikijifanya napiga kura moja. Sasa ni sitini na tatu kwa arobaini na moja. Sikutia mia. Mimi si mlafi. Nimewapigia kura wale tu ambao wangenipenda kama mikono yao isingekuwa na ugali.

Jumatano, 12 Juni

Mambo yameharibika. Nitaandika hivyo hivyo.

Mchana nilipita kwa Osman kuliaga gorogoro langu kabla halijahesabiwa. Kaunta ilikuwa tupu. Nikatazama huku na huku. Nikaliona jikoni, limeoshwa, limepinduliwa, linakauka.

Nilimuuliza Mama Tima zile nafaka ziko wapi. Akanionyesha sufuria kubwa kwa mwiko. Asubuhi Osman alimwambia apike nyoyo, yaani mahindi na maharagwe pamoja, na gorogoro la nyoyo liko chini ya kaunta. Yeye akakuta moja juu ya kaunta, mahindi na maharagwe yamekwisha kuchanganywa. Akashukuru Mungu kwa kupunguziwa kazi, akamimina magorogoro yote mawili. Sasa jamani, katika Migori yote, ni mpishi gani atakayeona gorogoro la mahindi na maharagwe akafikiria uchaguzi?

Nikauliza kama hakuona rangi. Akasema supu imekuwa nyekundu vizuri, maharagwe ya safari hii ni mazuri.

Nikageuka. Sahani zilikuwa zimeshaanza kutoka. Ryoba alikuwa na kijiko mdomoni.

Hapo kulikuwa na njia mbili. Kunyamaza, na huenda kura zikarudiwa nikafika Homa Bay. Au kusema. Sijui nani alinifungua mdomo. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele:

"Msile! Hiyo mahindi ni mbegu! Iko na dawa! Ni mimi niliweka!"

Wote waliacha kutafuna. Wote! Nikawahesabu, mazoea ni kama sheria: ishirini na watatu. Ryoba akatema. Mama Tima akashika kichwa akasema, "Mayoo! Nyathini! Mtoto wewe, umenimaliza!" Kisha wakaanza kuniuliza maswali, mmoja baada ya mwingine, wakingoja kila jibu kimya. Dawa gani? Punje ngapi? Umeosha na nini? Ulitaka nini? Nikajibu yote. Sikuwa na karatasi. Haikuzidi dakika mbili.

Nyoyo yote imefukiwa shimoni. Aliyekuwa ameionja ni mmoja tu, Ryoba; wengine walikuwa bado kwenye ugali. Osman akampeleka mwenyewe kwa daktari wa zahanati, ambaye alimkagua, akamkalisha kwenye benchi mpaka jioni, akamwachia. Amerudi mzima, akasema hii ndiyo habari ya kwanza ya maana aliyoisikia kutoka kwangu.

Madam Milka hakufoka. Ni afadhali angefoka. Alisema Liz ndiye atakayekwenda jukwaani, mimi nitabeba redio, na nitamwoshea Mama Tima sufuria siku mbili. Nimelia kidogo nyuma ya stoo. Si kwa ajili ya sufuria.

Alhamisi, 13 Juni

Nikiwa kwenye masizi hadi viwikoni, Liz alikuja. Nilidhani amekuja kunicheka. Akachukua steliwaya akaanza kusugua upande wa pili.

Kisha akasema ile punje ya tatu ni yake.

Niliacha kusugua. Liz! Nikamuuliza ni kipi kilichomvutia, Adamu au Nuhu. Akasema hakuna hata mmoja wao, alikuwa amekaribia kusinzia. Alipenda pale pa samaki tu. Pale niliposema sijui. Ati ndipo aliposikia kuna mtu ndani ya redio. Tena swali lile limemkaa kichwani wiki nzima, ameliuliza kila mahali, na leo asubuhi amempata sokoni mvuvi wa kisiwa cha Mfangano aliyemjibu.

Mtu ametafutwa siku nne, kumbe ni yeye, na alichokipenda ni kosa la upepo. Uchunguzi una maumivu yake.

Jumamosi, 15 Juni

Homa Bay. Nimebeba redio.

Niliwaona kutoka mbali, vitambaa kumi vya njano mstari wa mbele. Nikaenda kumwambia Dani kabla jina halijaitwa. Nilimwambia yote, hadi rangi ya ufizi. Masikio yaliniwaka moto. Mwishoni Dani akasema, "Keti hapa, baba. Hivi viatu zinanibana." Nikamvua viatu, nikakaa miguuni pake.

Liz akapanda. Hakuwa na karatasi. Alianza hivi: mwenzangu Cephas aliuliza kama samaki ana sauti, akasema hajui. Mimi pia sikujua. Kisha akabonyeza kanda, na mvuvi mzee wa Mfangano akaeleza kuhusu okoko, yule samaki mwenye miiba, kwamba ukimtoa majini analia kwa mlio kama mlango usiotiwa mafuta. Akauiga. Uwanja mzima ukacheka, na mara wazee wa huku na huku wakaanza kuuiga wao, kila mmoja akisema wa kwao ndio sahihi. Liz akashuka na maikrofoni akawafuata.

Majaji walimuuliza amejifunza nini kwa wasikilizaji. Akasema hatumii tena gorogoro, siku hizi anawauliza watu ana kwa ana. Wakapiga makofi. Shule yetu imekuwa ya kwanza.

Wanawake tisa walisimama wakashangilia. Dani hakusimama, hana viatu. Aliniinamia akauliza, "Hiyo swali ilikuwa yako. Huyu msichana akaenda kutafuta jibu. Wewe mbona hukuenda?"

Nilimwambia sijui. Akanipiga kofi dogo la kisogoni, lile la upendo, akasema sasa naanza kuongea vizuri.

Jumapili, 16 Juni

Nimelala vizuri. Akili imetulia. Nimeketi na daftari kuchambua wiki mbili hizi bila upendeleo, maana mtu asiyejifunza ni hasara kwa wazazi.

Swali kuu: kwa nini Jumatano watu ishirini na watatu waliacha kutafuna wakanisikiliza, jambo ambalo halijawahi kutokea? Nimelipima kila upande, na jibu limenijia wakati wa ibada. Ni mlango! Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sauti inagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Wiki nzima redio ilikuwa kaunta, mahali pabaya kabisa.

Kwa hiyo muhula ujao redio itawekwa mlangoni. Kipindi kitakuwa cha dakika arobaini, kwa sababu baada ya Nuhu kuna Ibrahimu. Makosa yote yataondolewa, hasa pale niliposema sijui, panapotia doa kazi nzima. Kurasa nitazifunga kwa kamba.

Na kura hazitakuwa mahindi wala maharagwe tena. Nimejifunza! Zitakuwa njugu karanga. Hakuna mpishi atakayezitia kwenye nyoyo. Nimeshapata gorogoro moja, zimekaangwa na kutiwa chumvi, nimeliweka hapa mezani kwa majaribio wakati nikiandika.

Lilikuwa limejaa nilipoanza. Sasa limefika nusu. Lazima nichunguze ni nani.