Daktari Kasema Nipulize

Jumatatu, 3 Machi

Masalale! Nimetishwa leo mchana kweupe, tena na mtu mpole mwenye miwani.

Ni huu mguu wa kushoto. Mimi nilidhani ni kiatu. Kidole gumba kina kidonda kisichotaka kupona, na nikitembea kutoka nyumbani mpaka kona lazima nisimame, nijifanye nasoma matangazo ukutani. Matangazo ya mtaa wetu sasa nayajua kwa moyo. Daktari kaubonyeza mguu, kausikiliza kwa chombo, kaubonyeza tena. Kasema mshipa umeziba. Kasema sigara ndiyo iliyouziba. Nikacheka kidogo, kwa adabu. Hakucheka.

Mshipa unazibuliwa, kasema, lakini yeye hapasui mtu anayevuta, maana utaziba tena kabla hata nyuzi hazijatolewa. Nikiendelea kuvuta, kitakatwa kidole kwanza. Kisha mguu. Mguu! Kautaja hivihivi, huku anatafuta kalamu.

Halafu katoa kidude chenye mdomo wa karatasi. Nipulize. Nikapuliza. Namba ikapanda mpaka ishirini na nane. Asiyevuta, kasema, havuki sita. Kumbe kuna mashine inayochongea mapafu ya watu! Dunia imefika huku na mimi sikuambiwa!

Nirudi Jumatatu ijayo. Nikiwa chini ya sita, napangiwa siku ya kupasuliwa. Mke wangu alikuwepo. Hakusema neno njia nzima. Na huyu ni mwanamke anayeongea hata usingizini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeacha! Nimeapa mbele ya mke wangu na mama yake, anayeishi kwetu na ambaye pua yake haijawahi kustaafu. Nimevunja pakiti nzima hadharani, sigara mojamoja, nikazitupa kwenye pipa. Mama mkwe kapiga makofi. Mke wangu kafuta machozi kwa kanga. Hata mimi nilikaribia kulia.

Pakiti ya pili iko kwenye koti la mteja.

Mimi ni dobi. Chumba cha mbele ndicho duka: meza, kamba za kutundikia nguo, na pasi ya mkaa niliyorithi kwa baba. Wenzangu wote wamehamia kwenye umeme. Mimi sitaki. Pasi ya umeme inaibembeleza nguo. Ya mkaa inaiamuru. Sasa, nani atapekua koti la mteja? Tena koti la mwalimu mkuu wa shule ya wasichana! Akili ni mali.

Jumatano, 5 Machi

Lahaula! Nimekwenda msalani dakika moja tu. Nimerudi, koti hakuna. Mwalimu mkuu kaja kulichukua, na mke wangu kampa, na kamsindikiza mpaka mlangoni.

Saa nne karudi mbio, jasho linamtoka. Kumbe kaingiza mkono mfukoni atoe kalamu, katoa pakiti ya sigara mbele ya walimu wake wote. Kauliza hizi ni za nani. Mke wangu kanigeukia. Mama mkwe kanigeukia. Ulimi wangu ukafanya kazi kabla yangu: nikasema tulizikuta mfukoni mwake, na kwa heshima tukazirudisha palepale, siri ya mteja ni amana. Mama mkwe akamgeukia mwalimu mkuu, akamwambia: mwanangu, umri huu bado hujachelewa kuacha. Kaondoka anatikisa kichwa.

Pakiti kaiacha mezani. Mungu hamtupi mja wake.

Jioni nikafunga mlango na dirisha la duka, nikavuta mbili juu ya pasi. Moshi wa mkaa unafunika kila kitu. Pua ya mama mkwe imepita nje ya mlango mara tatu, ikarudi mikono mitupu.

Baadaye nikatoka kupunga hewa. Ng'ambo ya barabara anakaa Soli, fundi viatu, chini ya mwavuli wake. Tumevuta pamoja tangu ujana, kiberiti kimoja. Nikamnyooshea sigara. Kakataa! Kasema kaacha jana, aliposikia habari za mguu wangu. Kwa ajili yangu, kasema, ili nisiwe peke yangu. Na Jumatatu atanisindikiza, akapulize na yeye.

Ebo! Nani kamwomba? Huko ni kunikomoa. Mguu ni wangu, daktari ni wangu, halafu Soli ndiye apewe hongera!

Alhamisi, 6 Machi

Sasa naacha kweli. Soli hatanishinda. Pakiti ya mwalimu mkuu nimeitumbukiza chooni mwenyewe, bila shahidi. Tendo jema la kwanza la maisha yangu na hakuna aliyeliona!

Dirisha la duka nimelifunga kabisa, nisione kibanda cha sigara kilicho kando ya Soli. Nimepiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni mpaka jioni. Kichwa kinanigonga. Kichefuchefu. Macho mazito. Kumbe kuacha sigara ni ugonjwa! Nikitoka nje naona nafuu, nikirudi kazini kinaanza upya. Soli yeye anapiga nyundo na kuimba.

Jumapili, 9 Machi

Sijavuta. Nasema mbele ya Mungu, sijavuta hata pafu moja. Nimemfokea paka, nimemfokea mteja, nimemfokea mama mkwe kisha nikamwomba radhi kwa kupiga magoti, maana alikuwa ameshika mwiko. Mke wangu kaninusa shati, kaninusa vidole, kanitazama usoni. Kisha kasema kwa sauti ndogo kwamba anaona ninavyojitahidi. Miaka mingi sijaambiwa hivyo. Nilijisikia vizuri, nisifiche.

Mashuka bado kilima. Kesho nitaamka mapema niyamalize kabla ya kwenda kwa daktari.

Jumatatu, 10 Machi

Sina maneno. Ninayo, lakini hayaandikiki.

Soli kapuliza kwanza: tatu. Daktari kampiga bega, kasema mapafu ya kijana. Mke wangu kampongeza. Nikasogea, kifua mbele, nikapuliza.

Thelathini na moja!

Nikasema mashine imeharibika. Daktari kabadilisha mdomo wa karatasi. Thelathini na moja. Nikaapa kwa Mungu, nikaapa kwa baba yangu kaburini. Nikaapa kwa mama mkwe, ambaye yuko hai na hakupenda. Daktari kavua miwani, kasema yeye si polisi, mguu si wake. Mke wangu kanyanyuka, katoka nje. Nimemkuta amekaa ngazini, anaifunga na kuifungua kanga yake. Kasema kosa si kuvuta. Kosa ni kwamba jana alinisadiki.

Nyumbani mama mkwe kasema njia ya mwongo ni fupi. Na mimi mara hii sikusema uongo! Nimetembea njia ndefu ya kweli na nimefika palepale! Kama ukweli ndio huu, watu wanaupendea nini?

Jumanne, 11 Machi

Siku ya maajabu.

Asubuhi mke wangu kaingia dukani kusaka sigara. Kafunga mlango nisipitishe kitu. Mimi napiga pasi, yeye anapekua: mifuko, mikunjo ya mashuka, chini ya meza, ndani ya gunia la mkaa. Kakaa humo muda mrefu na hakupata hata njiti ya kiberiti. Mara kasema kichwa kinamuuma. Kisha magoti yakalegea, akatapika juu ya suruali ya mteja.

Nikambeba. Kwa mguu huu huu nikambeba! Soli kaja mbio, tukampeleka kwa daktari, mama mkwe nyuma anapiga yowe. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikamwambia Mungu achukue kidole, achukue mguu, lakini huyu aniachie.

Kumlaza tu kwenye hewa, akaanza kupata nafuu. Daktari kamtazama, kanitazama, akamletea kile kidude. Mke wangu hajawahi hata kushika sigara. Kapuliza. Kumi na tisa!

Yarabi! Mama mkwe kamtumbulia macho binti yake. Kamuuliza tangu lini.

Daktari kauliza alikuwa wapi. Chumba gani. Dirisha likoje. Nikamweleza pasi yangu, kwa fahari. Kakaa chini. Kasema mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa sumu ileile ya moshi wa sigara, isiyoonekana wala kunusika, inaingia kwenye damu, na kwamba kuna watu wanalala nayo na hawaamki. Kichwa changu cha siku zote hizi, ndiyo hiyo. Thelathini na moja yangu, ndiyo hiyo!

Nilikuwa mkweli! Kitaalamu!

Mke wangu kalia pale kitandani, kanishika mkono, kaniomba msamaha. Mama mkwe pia. Mama mkwe! Kaomba msamaha akitazama ukuta, lakini kaomba. Daktari kasema nisiiguse tena ile pasi, nirudi Jumatatu, nikiwa msafi ananipasua wiki hiyohiyo.

Jumatano, 12 Machi

Pasi ya umeme imeingia nyumbani. Nyepesi, haina heshima. Dirisha liko wazi, kibanda cha sigara kinanitazama. Mke wangu anatangaza mtaa mzima kwamba mume wake alisingiziwa na mashine. Mwalimu mkuu kapita, kanipa mkono, kasema anajua uchungu wa kusingiziwa.

Nilikuwa nakunja shati wazo liliponijia. Nikakaa chini. Hebu tazama: namba ikipanda, nani analaumiwa? Pasi. Sigara na mkaa, mashine haiwezi kutofautisha, daktari mwenyewe kasema! Umeme ukikatika, dobi atafanya nini? Atawasha mkaa. Miaka yote nimetafuta wa kubeba lawama, kumbe nilirithi!

Nimevuta moja tu, bafuni, kwa kumshukuru Mungu aliyemponya mke wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefika nne kwa siku. Mama mkwe kaninusa akanyamaza. Ana aibu ya Jumanne. Kidole kimebadilika rangi. Nadhani ni soksi inachuja.

Nafanya mazoezi ya ushahidi mbele ya kioo. Umeme ulikatika, daktari. Wateja walinibana, daktari. Mwishoni nashika kichwa. Inapendeza.

Jumatatu, 17 Machi

Ishirini na saba.

Sikushtuka hata kidogo. Nikapumua kwa huzuni, nikatoa ushahidi wote: umeme, wateja, mkaa jana kutwa. Nikashika kichwa. Daktari alianza kunihurumia, nilimwona! Akamgeukia mke wangu, kamuuliza kwa nini kaniruhusu.

Mke wangu akasema, polepole, kwamba ile pasi haipo nyumbani. Kampa Soli tangu Jumatano, anakandamizia soli alizopaka gundi. Na Soli amekaa palepale kwenye benchi! Kaja kunisindikiza, rafiki mwema! Kaitikia kwa kichwa, macho chini. Kasema ni nzito, inafaa sana. Na umeme, kauliza daktari? Umeme, kasema mke wangu, haujakatika.

Nilishangaa. Mtu anatoaje mali ya urithi bila kumwambia mwenyewe?

Daktari kanivua soksi. Hakubonyeza chochote. Kidole ni cheusi. Kesho kutwa kinakatwa, na mshipa hataugusa. Mke wangu hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kasema ametetea jina langu nyumba kwa nyumba, na kwamba sasa hajui atapita njia gani kwenda sokoni. Kisha kainama, kanivalisha soksi, kanifunga kamba za viatu.

Ijumaa, 21 Machi

Wodini. Kidole kimekwenda. Nilidhani kitaacha nafasi ndogo, lakini nikitazama mguu siutambui. Nimelia chini ya shuka. Usiku unauma kidole ambacho hakipo, loo, hata hilo sikuambiwa!

Daktari kasema hii ndiyo nafasi ya mwisho. Muuguzi atapita kila asubuhi na kidude. Wiki nzima chini ya sita, atauzibua mshipa. Ikivuka, atakata chini ya goti na hatauliza tena. Kasema nimwangalie mke wangu, sio yeye. Nikamwangalia. Amekonda. Kaleta machungwa, kayamenya mwenyewe, kayatoa mbegu mojamoja, kayapanga kwenye bakuli. Kasema watu wa wodini wanasema matunda yanasafisha damu, nile yote. Nikamwahidi. Nikamshika mikono yote miwili na nikamaanisha kila neno.

Alipoondoka nikajikongoja mpaka mwisho wa korido. Kuna dirisha, na mfagizi ana roho nzuri.

Sasa nimerudi kitandani. Muuguzi wa asubuhi, nimegundua, ni mgeni, hajui sura zetu, anaita namba ya kitanda tu, taa bado hafifu. Mzee wa kitanda cha pili kavunjika nyonga. Nimemuuliza kwa upole. Kasema hajavuta maisha yake yote. Ana pumzi kama kijana! Anafikiria kubadilishana nami kitanda alfajiri, tutasukumwa na mfagizi.

Bado anafikiria. Nimempa machungwa yote.